Mchekeshaji Mgeni na Haki ya Kututania

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shuleni tulifundishwa methali hii kama onyo kwa wavivu, lakini mimi naona ndani yake mna hoja ya maadili: mtu huwa mwenzetu pale anapoanza kubeba mzigo pamoja nasi. Sasa yupo mgeni mmoja ambaye siku ya tatu haimkuti. Ni mchekeshaji wa jukwaani anayezunguka mji hadi mji. Leo yuko Nairobi, kesho Kampala, keshokutwa Kigali. Hufika jioni, hututania kwa muda wa saa moja, hulipwa, na alfajiri yumo ndani ya basi. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mtu wa namna hiyo anapata wapi haki ya kututania?

Wapo watakaojibu haraka kwamba haki hiyo iko kwenye tiketi. Uliingia kwa hiari yako na ulilipa, basi vumilia. Jibu hili halinitoshi. Anayemlipa kinyozi ameruhusu kunyolewa, hajaruhusu kukatwa sikio. Isitoshe, mara nyingi anayetaniwa hayumo ukumbini: ni mama muuza ndizi, ni kabila la jirani, ni mlemavu wa stendi. Hao hawakununua tiketi yoyote.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno ambalo linaweza kutusaidia, nalo ni utani. Leo tunalitumia kwa maana ya mzaha wowote, lakini katika jamii nyingi za Tanzania utani ni uhusiano wenye sheria zake. Wazaramo na Wanyamwezi, ambao walikutana katika njia za misafara ya kwenda pwani, ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu na usikasirike. Anaweza kuja msibani akamwigiza marehemu jinsi alivyokuwa akitembea, hata wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika kazi za mazishi wakati wenye msiba wameishiwa nguvu. Na siku msiba ukiwa kwake, zamu ya kutukanwa ni yake. Kwa hiyo ulimi wa mtani una dhamana mbili: mikono yake inayofanya kazi, na mgongo wake ulio tayari kupokea fimbo ileile.

Mchekeshaji msafiri hana dhamana ya kwanza. Hatakuwepo kuzika. Je, anaweza kuwa na ile ya pili?

Nitatoa mfano wa jambo nililoliona katika ukumbi mmoja mdogo hapa Kampala, wenye viti vya plastiki visivyozidi sitini. Mchekeshaji alitoka Kenya. Alianza na mzaha ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda ameusikia: kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda na kikazikwa Kongo. Tulicheka sana, nami nikiwemo, ingawa lugha hiyo iliyokufa kwetu ndiyo ninayoisomea. Kisha alimgeukia mzee mmoja aliyeketi mbele kabisa, akamuuliza Kiswahili alifundishwa na nani. Mzee akajibu, "Wanajeshi." Akaulizwa neno la kwanza alilojifunza. Akasema, "Lala chini." Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mchekeshaji akakaza sauti kama askari wa kizuizini, akamwelekezea kidole na kufoka, "Mzee, lala chini!" Watu walicheka zaidi. Mzee naye alitabasamu, lakini mikono yake ilikuwa imeshika kiti pande zote mbili.

Msomaji asiyetoka Uganda anahitaji kujua kwa nini jibu la mzee lilikuwa zito. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi hapa tangu enzi za ukoloni, na wakati wa utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, raia wengi walikisikia kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Hata baada ya katiba kurekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, wapo wazee ambao lugha hii bado inawarudisha barabarani usiku.

Mizaha hii miwili ilitolewa na mtu mmoja, usiku mmoja, nami naona kwamba wa kwanza ulikuwa halali na wa pili haukuwa. Tofauti haiko kwenye mada, kwa kuwa mada yenyewe ililetwa na mzee. Sikubaliani na wanaosema kwamba mambo ya uchungu yasichekwe. Wafiwa wa Kizaramo wangewashangaa. Tofauti ni mahali aliposimama msemaji. Katika mzaha wa kwanza nchi yake mwenyewe ilikuwa mgonjwa, kwa hiyo alilala hospitali pamoja nasi. Katika mzaha wa pili alichukua nafasi ya askari na kumwacha mzee katika nafasi yake ileile ya zamani. Angeweza kumpa mzee kipaza sauti, yeye mgeni akapiga magoti na kusubiri amri. Neno lingekuwa lilelile, kicheko huenda kingekuwa kikubwa zaidi, na mzee angerudi nyumbani na kitu ambacho hakuwa nacho alipokuja.

Najua pingamizi kubwa litakalotolewa hapa. Tukianza kuwapimia wachekeshaji nani wamtanie na vipi, wenye mamlaka watafurahi kutusaidia kupima. Pingamizi hili lina historia. Mwaka 1964 mchekeshaji Lenny Bruce alikamatwa katika ukumbi mdogo wa Café Au Go Go huko New York, akapatikana na hatia ya kutumia lugha chafu. Alifariki mwaka 1966, na msamaha wa gavana ulitolewa mwaka 2003, wakati yeye hawezi tena kuusikia. Sitaki mahakama iamue kipi kichekeshe. Lakini kusema kwamba jambo ni baya si kusema kwamba polisi waitwe. Mtu anayemdhihaki mama yake mzee hadharani havunji sheria yoyote, na bado tunamwona amekosa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwangu. Mgeni huona tusichokiona. Mwenyeji amezoea harufu ya nyumba yake; mgeni ndiye anayeshtuka mlangoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama tungemruhusu tu mwenye jembe kututania, tungebaki tukisifiana. Nakubali. Ndiyo maana sidai mchekeshaji akae mwaka mzima kabla ya kufungua kinywa. Nadai tu kwamba, kwa kuwa hawezi kulipa kwa mikono, alipe kwa mgongo: awe wa kwanza kuchekwa, na aache nafasi ya kujibiwa.

Ukumbi mdogo unaifanya kazi hiyo iwezekane. Kule mbele mchekeshaji yuko hatua mbili kutoka kwa anayemtania. Anaona uso ukibadilika, anaona mkono ulioshika kiti, na akiamua kuendelea hawezi kudai kwamba hakujua. Mzaha uleule ukirekodiwa kwa simu unasafiri kwenda kwa watu wasioona uso huo na ambao hawatakutana na mzee huyo kamwe. Hapo hata ile dhamana ndogo ya macho kwa macho inapotea.

Kwa hiyo kipimo changu ni chepesi, na mchekeshaji yeyote anaweza kukibeba ndani ya begi lake. Kabla hajasema neno, ajiulize: kesho alfajiri, basi likichelewa, nikajikuta nimeketi benchi moja na huyu ninayemtania, sisi wawili tu bila hadhira, nitaweza kulirudia neno hili huku namtazama? Akiweza, basi na aseme, hata kama linauma. Asipoweza, ajue kwamba ujasiri wake wote ulitokana na ile safari ya alfajiri.