Fimbo ya Mbali

Ndugu msomaji, hebu jiulize: ukizipata pesa leo, utahamia wapi? Swali hili lilizuka kijiweni kwetu Tabata, na mshikaji mmoja akajibu bila hata kufikiri: "Mimi nahama kabisa. Nakwenda kuishi kwenye uwanja wa gofu."

Tulicheka, lakini jamaa hakuwa anaota. Karibu na Usa River, njia ya Arusha kwenda Moshi, upo mtaa wa namna hiyo, unaitwa Kili Golf: nyumba za kifahari kandokando ya uwanja wa mashimo 18, mlima Meru na Kilimanjaro vikionekana. Wakenya nao wanao Vipingo Ridge, kule Kilifi. Katika mitaa ya aina hii mgeni hapigi hodi mlangoni. Anasimama kwanza getini, anataja jina, na mwenyeji anaulizwa kama anamfahamu. Asubuhi unaamshwa na ndege, si na konda wa daladala. Hakuna vumbi, wala jirani anayemtuma mtoto kuomba chumvi.

"Sasa kosa liko wapi?" akauliza mshikaji. "Pesa yangu, usingizi wangu."

Swali zuri, na tusilikwepe kwa kelele. Wapo wanaosema tajiri ni mbaya kwa sababu tu ni tajiri. Hiyo ni husuda iliyovaa suti. Wengine watakumbusha kwamba ni Arusha hiyohiyo ambako mwaka 1967 lilipitishwa Azimio lililomkataza kiongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Sawa, lakini Azimio liliwabana viongozi, na mshikaji wangu si kiongozi wa kitu chochote.

Mimi naona kosa, kama lipo, haliko kwenye yale majani mabichi. Liko kwenye ukuta. Na ushahidi wangu uko hapahapa Tabata.

Ukisikia konda anaita "Dampo!", usidhani ni jina la utani. Zamani Jiji lilikuwa likimwaga taka hapa, na watu wakaishi na moshi, harufu na inzi. Wakazi wakaishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, kesi ya mwaka 1988, wakashinda. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa.

Sasa, kesi haiendeshwi kwa hasira tupu. Inataka mtu wa kuandika, mwenye nauli ya kwenda mahakamani na moyo wa kuvumilia tarehe zinazoahirishwa. Mtu wa aina hiyo huwa wa mtaa pale tu anapovuta moshi uleule anaouvuta asiye na kitu. Sasa mchukue huyo mwenye uwezo, mweke nyuma ya ukuta, mpe kisima chake, jenereta yake, walinzi wake na gari lake la taka. Hajamwibia mtu. Lakini siku moshi utakapofuka tena kwetu, yeye hataunusa. Alidhani anahama vumbi tu, kumbe amehama na kwenye kesi.

Nikamwambia mshikaji: "Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Wewe unataka kwenda na fimbo zako za gofu kule, nyoka abaki na sisi huku."

Kijiwe kizima kikashangilia. Nikajiona mwanafalsafa. Jamaa akasubiri kelele zitulie, kisha akaniuliza polepole: "Na nyinyi mliposhinda kesi, taka zilikwenda wapi?"

Hapo nikanyamaza. Zilikwenda Vingunguti, kwa jirani zetu. Taka hazikuyeyuka. Tulishangilia hewa safi, na wenzetu wakaanza kukohoa. Nikakumbuka pia kwamba nyumba ninayolala ina ukuta wenye vipande vya chupa juu, na sijui jina la anayeishi upande wa pili.

Kwa hiyo ndugu msomaji, sina ubavu wa kumzuia mshikaji wangu asihame. Ninalo ombi moja tu, kwake na kwangu: popote tutakapojenga, dirisha moja lielekee kwa jirani, ili moshi wake ukianza, nasi utuwashe macho.