Elimu ya Nyumba na Watoto wa Kiume

 

Enyi ndugu zetu, aliyeko Mvita au Lamu huenda asiijue Adungosi. Ni soko lililo kati ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, jirani na mpaka wa Uganda. Malori yapakiayo Kilindini hupanga foleni katika mipaka hiyo, na miongoni mwa madereva wamo wana wa pwani walioacha watoto nyumbani. Baba akiwa njiani, ni nani amfundishaye mwanawe maisha ya nyumba?

Wengi hujibu: mama yake na mwalimu. Jibu hilo halitoshi. Sayansikimu iliingia shule za msingi kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ikatoka, ikarudi katika mtaala mpya, na mwaka 2024 ikaunganishwa na kilimo. Mwalimu atamfundisha mtoto kupika uji na kufua shati, na hayo ni mema, ingawa wako wazee wadhanio kuwa mwana wa kiume akishika ufagio hupungukiwa. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume (s.a.w.) hufanya nini nyumbani, alieleza kuwa huwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Je, mwanao ni bora kuliko yeye?

Lakini stara ya ndani ya nyumba shule haiwezi kuitimiza. Sura ya An-Nur imewaamrisha hata watoto wasiobaleghe kubisha hodi nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, mchana watu wavuapo nguo, na baada ya Isha. Mtoto akiuliza kwa nini ambishie hodi mamaye, hapo mzazi amweleze, kwa kadiri ya umri wake, mume na mke ni nini, na kwamba mwili wake haushikwi ovyo na mtu, awe jirani, awe mjomba. Tukinyamaza kwa haya, ataenda kuuliza penye malori.

Mwana Kupona, mwaka 1858, hali mgonjwa, alimtungia bintiye utendi juu ya ndoa na nyumba. Wana wa kiume tumewaachia nini? Na katika Sura ya Luqman anayemuusia mwana ni baba.

Dereva aliyeko Malaba ana simu mkononi. Akisha kumwuliza mwanawe habari za hesabu, na amwulize pia leo nani ameosha vyombo.