Je, Mvua ni Shauri la Mungu Peke Yake?

Mvua ikikawia, twasikia watu wakisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Ni neno la imani, nasi hatulidharau. Lakini yafaa tujiulize: je, pengine hatulifanyi kichaka cha kujificha?

Tangu vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya 2022, misimu 5 ya mvua ilipungua mfululizo katika sehemu kubwa za Ethiopia, Somalia na Kenya, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Kisha vuli ya 2023 ikaleta mafuriko katika nchi zile zile. Kweli, mafuriko si jambo jipya: mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zilipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Lakini wataalamu watueleza kwamba hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1, yaweza kubeba mvuke zaidi kadiri ya sehemu 7 kwa 100. Hewa hiyo huikausha ardhi upesi wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua huyamwaga maji kwa nguvu. Chanzo kikubwa cha joto hilo ni makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa na wanadamu.

Basi, mvua ni zawadi ya Mungu, lakini mwanadamu ametia mkono wake ndani yake. Injili yatufundisha kwamba Baba wa mbinguni huwanyeshea wema na wabaya bila upendeleo. Sisi tumeuvuruga ukarimu huo: mataifa tajiri yamechoma zaidi, na mkulima maskini hulipa kwa shamba lake. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliliita jambo hili deni. Nalo deni hulipwa. Halihesabiwi kuwa sadaka.

Hata hivyo, deni la mwenzetu halitufutii wajibu wetu. Aliyefyeka mlima ukabaki upara, atamlaumu nani maji yakishuka na udongo wake? Yosefu mwana wa Yakobo alimtumaini Mungu kuliko Wamisri wote, naye ndiye aliyejaza maghala kabla ya njaa.

Tusali basi kuomba mvua, enyi wazazi Wakristo. Na tukitoka kanisani, tukinge matuta, tupande miti, tuweke akiba ya nafaka, ili mvua tuliyoiomba ikifika isitupite bure.