Je, Mgonjwa wa Moyo Ameulizwa?

Mtu akivunjika mguu, kila jirani huliona gongo lake, naye husaidiwa kuvuka mtaro. Lakini mtu ambaye moyo wake hupiga ovyo hana gongo. Hutoka hospitali kwa miguu yake mwenyewe, vidonge mkononi, na watu husema, "Amepona." Kesho yake kila mmoja humkatia shauri: mkewe ataka apumzike daima, kaka yake ataka arudi kazini, mama mkwe amkataza hiki na kile. Yeye mwenyewe haulizwi. Basi twauliza leo: ni nani mwenye haki ya kusema mtu huyu anahitaji nini ili arudi katika maisha ya wenzake?

Kwanza tuujue ugonjwa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, kwa mwendo uliopangwa kama michi ya wanawake wawili watwangao kinu kimoja. Katika ugonjwa tunaousema, vyumba viwili vya juu vya moyo huacha kusukuma damu sawasawa, hutetemeka tu, na mapigo huvurugika. Mtu huchoka upesi, huona kizunguzungu, hushikwa na hofu usiku. Tena damu ikituama moyoni huweza kuganda. Bonge likifika ubongoni, mtu hupooza. Ndiyo sababu wengi hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarini.

Wengine hudhani ni ugonjwa wa wazee tu. Sivyo. Uchunguzi wa nchi 47 uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika Afrika wagonjwa 21 hadi 22 kati ya 100 walikuwa na moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na koo la mtoto lisilotibiwa. Katika Amerika ya Kaskazini walikuwa 2 tu. Basi mgonjwa wetu mara nyingi ni mtu mwenye watoto shuleni.

Sasa tutazame Kasulo, mtaa wa Kolwezi. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba, na watu wakachimba mashimo hata uani mwao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, na wenyeji wake wakahamishwa. Tuseme baba mmoja wa huko, mchimbaji, amepata ugonjwa huu. Mganga amempima mapigo, amemtembeza dakika sita aone anafika wapi. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havisemi yote. Havisemi kwamba kazi yake ni kushuka shimoni kwa kamba, mahali ambapo kizunguzungu kidogo tu ni kifo. Havisemi kwamba huko mawe hukata ngozi na kugonga vichwa, na aliyemeza warfarini hutoka damu isiyokatika upesi. Havisemi kwamba chakula chake cha kila siku ni bukari na sombe. Majani mabichi ya namna hiyo hupunguza nguvu ya dawa: hana haja ya kuyaacha, bali ayale kwa kiasi kile kile kila juma, na damu yake ipimwe mara kwa mara. Mambo haya yote yajulikana kwa njia moja tu: kumwuliza.

Au tumtazame mama kijana aliye na ugonjwa huo huo. Warfarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kama hakuna aliyemwuliza kwa upole kama anatamani kuzaa, atakuja kusema wakati mimba imekwisha ingia.

Hata huko kwenye hospitali tajiri somo ni hilo hilo. Nchini Denmark wagonjwa 210 waliotibiwa kwa kuchomwa sehemu ndogo za moyo walifuatwa. Nusu yao walipewa mazoezi ya mwili na mazungumzo na muuguzi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalisema nguvu ya mwili iliongezeka, lakini afya ya nafsi haikupita ile ya wenzao. Kumbe mtu aweza kupata pumzi, na hofu yake isiondoke.

Wapo watakaotupinga. Mmoja asema: "Ya nini kumwuliza, kama hatuna cha kumpa?" Twajibu: mahitaji mengi hayana bei kubwa. Kujua saa ya kumeza vidonge, kupata mwenzi wa kutembea naye jioni, kuelezwa dalili za kumkimbiza hospitali: haya hayangoji fedha. Na pale fedha inapohitajika, asiyeuliza huitupa bure.

Mwingine asema: "Akiulizwa atataka kurudi shimoni. Je, tumruhusu afe?" Hili ni neno zito. Lakini kuuliza si kutii. Mwulize kwa nini ataka kurudi, nawe utasikia: ada ya watoto, kodi ya nyumba, na aibu ya mwanamume anayelishwa na mkewe. Hapo ndipo shauri la kweli huanza: kazi gani ya juu ya ardhi aweza kuifanya, nani atamfundisha, jamaa watamshika mkono miezi mingapi. Aliyemkataza shimo bila kumwuliza amemwondolea hatari moja na kumtia katika njaa. Na aliyemrudisha shimoni bila kumwuliza amemuuza.

Kwa hiyo kumwuliza mgonjwa si hisani ya mtu mwema. Ni haki yake. Mtu hakupoteza akili kwa kuwa moyo wake umepoteza mwendo. Kumpangia maisha kama mtoto ni kumwongezea ugonjwa wa pili, ule wa kudharauliwa.

Wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yumo mgonjwa wa namna hii, keti naye leo. Usianze na shauri. Mwulize ni jambo gani aliweza kulifanya zamani, na sasa limemshinda, nalo linamwuma kuliko yote. Kisha nyamaza, usikilize mpaka amalize.