Alama ya Dhuluma, Alama ya Kweli

Bungoma haikosi mwalimu kijana wa fizikia anayejiuliza kama aombe nafasi ya shahada ya uzamili. Kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, alipata C+, akaingia chuo kikuu kwa kuponea chupuchupu, akahitimu ualimu kwa daraja la pili la chini. Sasa anafundisha shule ya kutwa upande wa Chwele. Chuo Kikuu cha Kibabii hakiko mbali naye. Kinachomzuia ni karatasi za matokeo, na swali ambalo anaona haya kumuuliza mtu: je, aliye dhaifu ana haki ya kutamani jambo gumu?

Majibu anayopewa ni mawili, na yote yanamdanganya. Wanaomhurumia humwambia alama si kitu, kwani hata Einstein alifeli hisabati. Hakufeli. Alipokosa nafasi katika chuo cha ufundi cha Zurich mwaka 1895, akiwa na miaka 16 tu, hisabati na fizikia ndiyo masomo aliyoyafanya vizuri. Faraja iliyojengwa juu ya uongo haimfikishi mtu popote. Wengine humwambia kwamba alama ndiyo yeye mwenyewe: aliyepimwa amepimwa, na ajue kiasi chake.

Mimi nashikilia kwamba alama inaweza kuwa ya dhuluma na bado ikawa ya kweli. Ni dhuluma kwa sababu shule nyingi za kutwa hazina maabara ya maana, na mwanafunzi huenda akashika amita kwa mara ya kwanza majuma machache kabla ya mtihani wa vitendo. Ni dhuluma kwa sababu aliyerudishwa nyumbani kufuata karo alikosa kipindi ambacho mada ilifunguliwa. Lakini ni kweli pia, kwa kuwa mada ile hakuijua wakati ule, na pengine haijui hadi leo. Fizikia haiulizi ulikosa kalkulasi kwa kosa la nani. Kutetea haki yako hakukupi maarifa uliyonyimwa. Wala kukubali kwamba huna maarifa hayo si kuihalalisha dhuluma iliyokunyima. Kijana wetu ameyachanganya haya mawili, ndiyo maana kila anapofungua kitabu anahisi anahukumiwa.

Kuna ugumu mwingine, na huu ndio unaonisumbua zaidi. Aristotle aliandika kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na hilo tunapenda kulirudia. Tunachosahau ni nusu ya pili ya hoja yake: kwa kujenga vibaya, mtu huwa mjenzi mbaya. Msingi dhaifu wa elimu, basi, si pengo tupu linalongoja kujazwa. Ni mazoea. Aliyefaulu kwa kukariri fomula na kupitia mitihani ya miaka iliyopita amejifunza kitu kwa bidii kubwa, yaani namna ya kupata jibu bila kujua limetoka wapi. Uzamili utamtaka ayavunje mazoea hayo kabla hajaongeza lolote, na kuyavunja kunauma kuliko kuanza upya.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa Erasto Mpemba, nami nauheshimu sana. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kuwa barafu kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu hakumwamini. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake walimcheka, Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa. Wataalamu wanalibishania jambo hilo mpaka leo. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alifanya kazi katika uhifadhi wa wanyamapori. Huwa tunamtaja ili kuthibitisha kwamba kila mtu anaweza. Mimi naona alithibitisha jambo dogo zaidi na lenye nguvu zaidi: haki ya kuuliza haitegemei alama. Kuishi ndani ya fizikia ni jambo jingine, linalodai hesabu za kila siku.

Kwa hiyo, kabla hajalipa ada ambayo ingemsomesha mdogo wake, namshauri kijana huyu atafute kitabu cha mekanika cha mwaka wa kwanza na asikisome tu, bali atatue maswali yake, jioni baada ya jioni, bila kuchungulia majibu. Asihesabu aliyoyapata. Aangalie tu kama swali lililomshinda Jumatatu bado analitaka Ijumaa. Akigundua kwamba alichotamani ni cheo, amegundua mapema, na hakuna aibu. Akigundua kwamba hawezi kuliacha, tayari ameanza kuyavunja yale mazoea.

Hapo ndipo taasisi nazo zinapaswa kujibu. Kituo cha fizikia alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mjini Trieste, Italia, mwaka 1964, kina tangu 1991 mwaka maalumu wa diploma kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea ambao msingi wao hautoshi bado kwa uzamivu. Hawaambiwi alama si kitu, wala hawafungiwi mlango. Wanapewa mwaka na walimu. Sioni kwa nini vyuo vyetu vya magharibi mwa Kenya, Kibabii na Masinde Muliro, visishirikiane kuwa na mwaka kama huo, kwa ada ambayo mwalimu wa shule ya kutwa anaimudu na kwa masomo ya jioni na likizo, wakati yeye hana darasa.