Kuonja na Kulinganisha Pombe: Je, Asiyelewa Ana Lawama?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu wa Kipushi,

Leo tunasema juu ya jambo wanaloliuliza vijana wetu, hasa wale wanaofanya kazi pamoja na watu wa kila dini, hapa na kule Lubumbashi. Jumamosi jioni marafiki wanakutana, si kwa kulewa, ndivyo wasemavyo, bali kwa kuonja na kulinganisha. Mmoja analeta Simba, mwingine Tembo ile nyeusi, mwingine amevuka mpaka akarudi na Mosi ya Zambia. Wanamimina kidogo kidogo, wanatazama rangi na povu, wanabishana ipi chungu na ipi nzito. Kijana Mwislamu ameketi kati yao, naye anauliza: Shehe, nikionja funda moja tu nipate la kusema, nina kosa gani?

Swali si geni. Abu Musa al-Ash'ari alipotumwa Yemen, alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba watu wa huko wana vinywaji vyao, kimoja cha asali na kingine cha shayiri. Shayiri, ndugu zangu! Nafaka ile ile ya bia. Mtume hakuvitenga, alivitia vyote katika hukumu moja: chenye kulevya ni haramu. Wamepokea Bukhari na Muslim. Naye Jabir amepokea kwamba kinywaji ambacho wingi wake unalevya, uchache wake pia umeharamishwa. Basi funda moja halina ruhusa yake peke yake. Tena imekuja katika Tirmidhi kwamba mwenye imani asikae kwenye meza inayozungushwa ulevi, hata kama glasi yake ni ya maji.

Mtasema: lakini wale ni waungwana, hawapigani, hawaanguki njiani. Hatukatai. Tazameni nyumba ya Abu Talha, Madina. Anas bin Malik, kijana mdogo, alikuwa akiwanywesha wageni pombe ya tende. Wale nao walikuwa watu wa heshima, wamekusanywa na mapenzi. Ikaja habari kwamba ulevi umeharamishwa. Abu Talha akamwamuru Anas aimwage. Hawakurudi kuuliza mara ya pili, na urafiki wao haukumwagika pamoja nayo.

Hapo ndipo penye uzito kwetu. Kijana aliyetoka kazini hatafuti uchungu wa bia, anatafuta watu wa kuketi nao. Sisi wazee tukimwita mlevi mbele ya watu, tumemfungulia mlango wa baa kwa mikono yetu. Mtu mmoja aliyeadhibiwa mara nyingi kwa ulevi alilaaniwa na mwenzake, na Mtume akakataza asilaaniwe, akamshuhudia kwamba anampenda Allah na Mtume wake. Kwa hiyo mwenye nyumba yenye nafasi aweke baraza Jumamosi hiyo hiyo. Wabishane juu ya mpira, walinganishe chai ya tangawizi ya mama huyu na ya mama yule.

Na munkoyo? Hili wengi hawaulizi, maana iko jikoni kwao. Uji wa mahindi unatiwa mizizi iliyopondwa, nayo inaugeuza uwe mwembamba na mtamu, kisha unachujwa. Ukiwa mpya ni chakula halali, hata watoto wanakunywa. Ukiachwa katika bido, unachachuka, na siku zikipita unakuwa pombe kamili. Ibn Abbas amepokea kwamba Mtume alilowekewa zabibu, akanywa maji yake siku hiyo, na ya pili, mpaka jioni ya siku ya tatu. Yaliyobaki yalinyweshwa mtumishi au kumwagwa. Lakini msishike hesabu ya siku peke yake. Joto letu la Oktoba linaharakisha, baridi ya Juni inachelewesha. Ikianza kutoa povu na kuchoma ulimi, muda wake umekwisha, hata kama ni jana tu ilipikwa. Kwa baraza la Jumamosi, akina mama waipike Ijumaa jioni, inywewe kesho yake, na itakayobaki isiwekwe kwa ajili ya Jumatatu.

Wabillahi tawfiq.