Jambo la Tano

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwahi kuwa madalali Raskazone. Huku hata kizuri kinajitembeza, tena kwa video fupi yenye muziki laini: geti linafunguka, sebule, chumba cha masta, jiko, kisha kamera inapanda juu ya ukuta na bahari inaonekana. Chini yake maandishi: ndani ya fensi, luku yako, dakika mbili hadi ufukweni, malipo miezi sita, kwenda kuona elfu kumi.

Hayo hayanisumbui. Biashara ni matangazo, na anayetazama anajua anatangaziwa. Dalali akisema dakika mbili, mtu wa Tanga anaelewa ni dakika mbili za bodaboda.

Kinachonisumbua ni aina ya pili, ambayo ndiyo inayonipa nauli na vocha. Nasoma shahada ya uzamili, na jioni namwandikia dalali mmoja posti zisizotaja nyumba wala bei. Tunafundisha: namna ya kusoma mkataba wa upangaji, kwa nini udai risiti, kodi ikipanda ufanye nini. Bure kabisa. Msomaji akishazoea kufundishwa nasi, siku akipata pesa anajua ampigie nani.

Sioni ubaya wa kufundisha kwa kutafuta mteja. Muuza maembe akikukatia kipande uonje hakupi sadaka, lakini embe ni embe. Binti mmoja alitutumia ujumbe kwamba amedai risiti ya kodi kwa mara ya kwanza maishani. Nia yetu ilikuwa biashara, risiti anayo.

Mwezi uliopita niliandika mambo matano ya kukagua kabla ya kununua kiwanja. Fanya upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati. Angalia mchoro wa mipango miji halmashauri. Tafuta bikoni kwa macho yako. Waulize majirani na mwenyekiti wa mtaa. La tano: kiwanja kikiwa karibu na bahari, pima mita 60 kutoka ufukweni, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya eneo hilo.

"Mdogo wangu, hilo la tano litoe," akasema. "Weka mambo manne."

Alikuwa na kiwanja cha ufukweni mkononi.

"Kaka, mtu si atajenga halafu avunjiwe?"

"Kwani nimesema uongo? Anayetaka sheria aende kwa mwanasheria. Mimi ananilipa mwenye kiwanja."

Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyosikika, na ina zaidi ya miaka 2,000. Cicero, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater. Mtu anauza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye tu. Je, azitaje? Antipater anasema kunyamaza ni sawa na kumwacha aliyepotea njia aendelee kupotea. Diogenes anasema muuzaji hakumlazimisha mtu, na ni kichekesho mnadi kupiga kelele kwamba anauza nyumba mbovu. Cicero alikuwa upande wa Antipater. Waliopita madrasa wanakumbuka kisa cha Mtume sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta chini kumelowa, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuiweka juu watu waione.

Hata hivyo nampa Diogenes haki yake: anatetea tangazo. Dalali wangu naye angekuwa anatangaza kiwanja tu, ningemwelewa. Lakini sisi tumekaa kwenye kiti cha mwalimu, na tumekaa humo makusudi, kwa sababu mbele ya mwalimu mtu hajihami. Ukimwambia "mambo manne ya kukagua," kila moja linaweza kuwa kweli tupu, na uongo ukakaa kwenye hiyo "manne." Namba inamwambia kwamba umemhesabia.

Zamani ungeenda kuona kiwanja kwa miguu, mkapita barazani, na wanywa kahawa wangekwambia hapo bahari inakula. Mnunuzi wa siku hizi yuko Muscat au Dar, ana simu tu. (Raskazone ina historia na wageni wa taarifa nusu: Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilishuka hapa likitarajia mji mwepesi, na baada ya siku chache likarudi melini limeshindwa.) Sheria ya mita 60 ipo vitabuni miaka yote hii, ila vitabu vya sheria havina muziki laini. Sisi tunao, na ndiyo maana kunyamaza kwetu kuna uzito kuliko kwa mtu mwingine.

Nilimpa njia mbili: tuweke yote matano, au kichwa kisome "baadhi ya mambo." Akacheka. "Baadhi" haiuzi, akasema. Sikulitoa la tano, naye hajakubali kuirusha posti. Ipo bado kwenye simu yangu. Juzi nilimkumbusha.

"Tulia, mdogo wangu," akanijibu. "Kile kiwanja kikishatoka, tutaliweka."